Kikaango cha Mama Tereza

Febronia binti Kamili hakuwa mtu wa kugombea vyombo. Alizaliwa katika nyumba ya mwalimu wa dini, akasoma kwa masista mpaka darasa la nane, wakati wasichana wengi wa Ushirombo walikuwa bado wanachunga ndama. Alipoolewa na Anatoli, mtoto wa kwanza wa mzee Bartholomeo, alikuja na cherehani yake mwenyewe, na mwandiko ambao padri aliutegemea kila palipokuwa na tangazo la kubandika mlangoni mwa kanisa. Mtu wa namna hiyo hagombei sufuria. Lakini chombo kimoja alikigombea, nacho kilikuwa kikaango cheusi cha chuma kisicho na mpini, ambacho mtu mwingine angekifanya chombo cha kuwekea kuku maji.

Kikaango hicho kilikuwa cha mama mkwe wake, marehemu Serafina, na kazi yake haikuwa kukaanga samaki. Onesmo, mdogo wake Anatoli, alikuwa akienda Nyarugusu kwa baiskeli kununua kwa wachimbaji, akarudi na donge jeupe limefungwa kwenye kitambaa. Lilikuwa laini na zito, dhahabu na zebaki zimeshikana. Donge liliwekwa kwenye kikaango juu ya makaa. Zebaki ilitoka ikawa moshi, na dhahabu ikabaki, ya manjano na yenye vitundu kama sega la asali. Baadaye iliyeyushwa tena katika chungu pamoja na risasi iliyotolewa kwenye betri kuukuu za magari, maana fundi mmoja wa Kahama aliwafundisha kwamba risasi hubeba taka za dhahabu na kuondoka nazo. Miaka hiyo mwananchi aliyekutwa na dhahabu nyumbani hakuwa na la kuwajibu polisi. Kwa hiyo kazi ilifanywa Jumapili, wakati wa misa ya pili, majirani wote wakiwa kanisani wanaimba. Watu wa nyumba ya Bartholomeo waliwahi misa ya kwanza. Kijiji kiliwasifu kwa uchaji, na sifa hiyo haikuwa ya uongo. Ila haikuwa kamili.

Serafina alipokuwa anakata roho aliwaita wakwe zake wawili wa kike. "Kikaango," alisema, "kikae kwa anayejua kunyamaza."

Mkwe wa pili alikuwa Mageni, mke wa Onesmo, ambaye watu walimwita Mama Makoye. Huyo hakuweza kukaa na habari mpaka sufuria ichemke. Febronia aliinama akakichukua kikaango pale pale, kabla mgonjwa hajafumba macho, na Mageni akaona jinsi alivyokichukua.

Sababu ya kukitaka hivyo, ukweli usemwe, haikuwa dhahabu. Ilikuwa Mageni. Mageni hakusoma. Alicheka kwa sauti kubwa mpaka ng'ombe wakageuka. Kila msimu wa kupanda ulimkuta na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, ilhali Febronia alimzaa Tereza peke yake, kisha mlango ukafungwa. Mzee Bartholomeo akitaka uji, aliita, "Mama Makoye!" Hata Anatoli, mume mpole asiyecheka hovyo, alipita nyuma ya nyumba ya ndugu yake akarudi na tabasamu ambalo hakuondoka nalo kwake. Febronia aliliona tabasamu hilo, akalikunja, akaliweka pamoja na mengine. Basi walau kitu kimoja katika boma lile kikae kwake, na Mageni apite mlangoni akijua kwamba ndani kuna kazi asiyoitiwa.

Jumapili zikapangwa hivyo. Anatoli aliweka donge kikaangoni, kisha akaenda kukaa langoni akisokota kamba, macho yakiwa barabarani. Febronia alibaki jikoni kwenye kigoda, akigeuza donge kwa kijiti, akivukuta mvukuto, akingojea rangi ya manjano itokeze. Siku moja aliona kivuli kwenye kidirisha.

"Nimekuja kuomba moto tu," Mageni alisema kutoka nje. "Mbona umejifungia kama mwali?"

"Moto wa kwako umekufa?"

"Umekufa kwa wivu. Umesikia wako unapika vizuri." Akacheka, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata Febronia aliziba kidirisha kwa gunia, na chini ya mlango akasukuma matambara. Anatoli aliguna. "Acha hewa ipite, Mama Tereza. Moshi utakuumiza."

"Moshi unapita mara moja," alisema. "Jicho la mke wa mdogo wako halipiti."

Gunia likakaa. Misimu ikapita.

Kilichoanza kwanza ni uzi. Febronia aliketi kwenye cherehani, akaelekeza uzi kwenye tundu la sindano, uzi ukaenda kushoto, ukaenda kulia. Mageni, aliyekuja kushonewa gauni la mtoto, aliuchukua, akaulamba, akauingiza mara moja. "Uzi umekuogopa, Mama Tereza?" Wanawake waliokuwa barazani walicheka. Febronia alitabasamu kama alivyofundishwa na masista, na gauni lile alilishona vibaya makusudi, upande mmoja mfupi kuliko mwingine.

Kisha mwandiko. Herufi zake zilizosimama kama askari zilianza kulegea magoti. Tangazo lililofuata padri aliliandika mwenyewe. Kisha fizi zikatoa damu, mdomoni pakawa na ladha ya sarafu, tumbo likawa linamsokota mpaka anakunja magoti sakafuni. Usingizi ukamkimbia. Aliyekuwa akisoma somo la kwanza mbele ya umati alianza kuona haya hata kupokea wageni, na neno dogo lilimtoa machozi au matusi. Alikonda. Midomo na kope za ndani zikawa nyeupe, viganja vikawa kama vya maiti. Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu. Alivimeza vyote, na damu haikuongezeka.

Na wakati wote huo Mageni alinenepa.

Tena, ndiye aliyemletea chakula. Alikuja na bakuli la nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga. "Mwadila, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama, akaweka bakuli. "Kula. Haya yanaleta damu. Mimi yamenitoa kitandani uzazi wote."

Uzazi wote! Febronia alikula kwa sababu alilelewa vizuri, na kila kijiko kilimshuka kama msumari. Baada ya kula, tumbo lilisokota. Lilisokota hata siku asizokula, lakini hizo hakuziweka moyoni.

Kisha ikaja pete. Ilikuwa pete yake ya ndoa, dhahabu halisi, kazi ya mzee Bartholomeo mwenyewe. Asubuhi moja akifua aliiona imepauka upande mmoja. Aliisugua kwa majivu. Weupe ukaenea badala ya kutoka, mpaka pete nzima ikawa kama ya bati. Febronia alikaa chini karibu na beseni. Dhahabu haifi. Kila mtu anajua dhahabu haifi. Basi nani angeweza kuiua ndoa ya mtu kidoleni mwake, ila yule aliyekuwa akimtamania tabasamu la mumewe, sifa za mkwewe, na kikaango cha nyumba?

Hakulisema kanisani. Alilisema kwa Paskazia, jirani yake, tena kwa sauti ya chini: "Tangu nianze kula mkono wa yule, damu yangu inakauka." Lakini Paskazia alikuwa mke wa Nkwabi, na Nkwabi ndiye aliyekuwa ntemi wa sungusungu, kiongozi wa lile jeshi la jadi lililokuwa limeanza kushika vijiji vyote vya Shinyanga kwa pinde na filimbi. Wezi wa ng'ombe walilikimbia. Baada ya wezi, watu wakaanza kulipelekea wachawi. Mwaka uliotangulia, kijiji cha jirani, mwanamke mmoja alitengwa: asisalimiwe, asiuziwe chumvi, asipewe moto. Alipohama usiku nyumba yake ilichomwa, na yeye mwenyewe hakuna aliyesema alifika wapi.

Haikuchukua muda ujumbe ukaletwa kwa mzee Bartholomeo: kutakuwa na dagashida, mkutano wa wote, kwenye uwanja wa ghala la pamba. Mama Tereza asimame amtaje anayemkausha damu.

Mzee hakufoka. Alisema tu, "Nyumba yangu haijawahi kusimamishwa uwanjani." Mageni hakucheka tena. Febronia alimwona kwa mbali akipepeta mtama, akipepeta na kupepeta hata makapi yalipokwisha, na alisikia utamu fulani moyoni ambao baadaye hakupenda kuukumbuka.

Anatoli ndiye aliyekataa. "Kabla hujataja mtu, nitakupeleka hospitali ya misheni. Wakishindwa, utataja."

Daktari aliitwa Otmar, kijana wa Kizinza mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpima, akamtazama kope, akamwambia anyooshe mikono. Mikono ilicheza. Halafu akakishika kidole.

"Pete hii ni ya nini, mama?"

"Ya ndoa."

"Ndoa naiona. Nauliza ni dhahabu au fedha?"

"Ilikuwa dhahabu. Imerogwa."

Daktari hakucheka. "Kweli imerogwa, na zebaki. Zebaki ikikutana na dhahabu huishika, ikaigeuza nyeupe. Nani anachoma nyumbani kwenu?"

Febronia alinyamaza. Alipewa kikaango kwa sababu ya kunyamaza.

"Mama, mimi si polisi. Natafuta damu yako imeenda wapi."

Alimtazama Anatoli, na Anatoli akatazama kofia yake. Basi Febronia akasema: kikaango, mvukuto, risasi ya betri, gunia la dirishani. Aliposema gunia, daktari alivua miwani. Akamnyanyua mdomo wa juu kwa kijiti, akampa kioo. Kando ya meno, kwenye fizi, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya wino.

"Huo ni mstari wa risasi. Mikono inayotetemeka na mate yenye ladha ya sarafu ni ya zebaki. Umevuta zote mbili, chumba kikiwa kimezibwa."

"Lakini nimekula majani ya damu. Nimekula vidonge."

"Sikiliza. Ile rangi nyekundu ya damu haiji yenyewe. Mwili unaitengeneza hatua kwa hatua, kama watu wanaopokezana matofali. Mwisho wa yote chuma huwekwa katikati, mahali pake, na hapo ndipo damu inaweza kubeba hewa. Risasi huingia kwenye mstari ule ikawafunga mikono wanaopokezana. Chuma kipo, umekila, lakini hakuna wa kukipachika. Kinakaa nje ya mlango."

"Na tumbo?"

"Ndiyo hiyo hiyo risasi. Tena ini, ambalo kazi yake ni kuvunjavunja sumu, linatumia kitu kile kile chekundu kama chombo chake cha kazi. Likikosa chombo, hata dawa unazomeza zinakaa mwilini kama wageni wasioaga. Figo nazo zimechoka. Nitaagiza dawa Mwanza, sijui kama itafika. Dawa ya kwanza ni kutoka kwenye moshi huo, na moshi huo usikutane na mwanamke mwingine yeyote, hasa anayenyonyesha."

Akaongeza, akiandika: "Zebaki huingia hata kichwani. Mtu huwa na haya, hasira, anamwona kila mtu adui."

Febronia aliinua uso haraka. "Kwa hiyo hata wivu ni zebaki?"

"Sehemu, labda," daktari alisema. "Sehemu nyingine sina kipimo chake."

Njia nzima ya kurudi, wakiwa wamekaa juu ya magunia ya pamba ndani ya lori, Febronia alifikiri. Angesema kweli yote uwanjani, Anatoli na Onesmo wangelala kituoni na jina la Bartholomeo lingekwisha. Angenyamaza, Mageni angetengwa na watoto wake wote. Na kulikuwa na sauti ya tatu, ndogo, iliyosema: hukumtaja wewe, walimtaja watu.

Siku ya dagashida uwanja ulijaa. Wanaume walikaa na pinde, wanawake upande wa pili. Mageni aliketi peke yake mchangani, mtoto kifuani, nafasi tupu ikimzunguka.

"Mama Tereza," Nkwabi aliita. "Nani anakukausha damu?"

"Hakuna mtu, ntemi. Ni moshi wa jiko langu mwenyewe. Daktari ameuona kwenye fizi zangu."

Minong'ono ikapanda. "Sote tunapika kwa moshi!" mwanamke mmoja alipaza. "Mbona sisi hatutetemeki?"

Nkwabi alimtazama Anatoli, akamtazama Onesmo, akamrudia Febronia. Macho yake yalikuwa ya mtu anayejua njia ya Nyarugusu. "Moshi wa kupika nini?"

Mageni aliinua kichwa. Yeye alijua ni nini, alijua siku zote. Neno moja lake lingemwokoa, na mdomo ule usiowahi kushika habari ulibaki umefungwa.

"Ntemi," Febronia alisema, "jiko la mwanamke haliulizwi limepika nini. Linaulizwa limelisha nani."

Wanawake walicheka, hata Paskazia. Lakini kicheko hakisafishi mtu, na Febronia alilijua hilo. Kwa watu wa huko, anayekula kutoka mkononi mwa mshukiwa mbele ya macho ya wote amefuta shitaka, na hawezi kulirudisha. "Mama Makoye ana nsansa nyumbani," alisema. "Iletwe."

Bakuli likaletwa. Febronia aliketi mchangani mbele ya Mageni, yeye aliyekuwa na kiti chake kanisani, akanyoosha mkono. Mkono ulitetemeka mpaka tonge likaanguka. Alichota tena, likaanguka tena. Watu wakaanza kuguna. Basi Mageni akamshika kifundo cha mkono, akachota yeye, akamlisha kama mtoto.

"Meza, mayu," alinong'ona. "Wanakuangalia koo."

"Haina chumvi," Febronia akanong'ona.

"Sijauziwa chumvi tangu ulipoongea na Paskazia."

Febronia alimeza. Alikula mpaka bakuli likawa jeupe. Nkwabi akapuliza filimbi, na watu wakatawanyika kwenda kwenye pamba zao.

Kabla wiki haijaisha Mageni alikuja, mtoto mgongoni, kicheko kimerudi nusu. Alisimama mlangoni mwa jiko.

"Mama Tereza, umeambiwa uache moshi. Baba Makoye anasema kazi ihamie kwangu. Nimekuja kuchukua kikaango."

"Hapana."

"Mama mkwe alisema kikae kwa anayejua kunyamaza. Pale uwanjani nilifanya nini?"

Hilo lilimchoma Febronia kuliko yote. Hata kunyamaza, kitu cha mwisho kilichokuwa chake, Mageni alikuwa amekiweza. Kikaango kilikuwa nyuma ya mlango. Ilitosha kunyoosha kidole. Alimwona Mageni kwenye kigoda kile, Jumapili baada ya Jumapili, midomo ile ikipauka, mikono ile ikipoteza uzi, na kwa muda wa pumzi moja picha hiyo ilikuwa tamu.

Kisha mtoto aliyekuwa mgongoni alipiga chafya.

"Kitakuua," Febronia alisema. "Kinaiba damu. Nimesema hapana."

"Kimekuwa na wewe miaka yote, leo ndiyo kinaua? Siku ninayokitaka mimi?" Mageni aliweka mikono kiunoni. "Wivu ni kidonda, mayu. Ukikishiriki utakonda. Jitazame."

"Sawa. Ni wivu."

Alikichukua kikaango, akampita Mageni, akatembea mpaka chooni nyuma ya boma, akakitumbukiza shimoni. Kilichukua muda kabla ya kusikika.

Anatoli aliporudi alikuta nyuma ya mlango patupu. Febronia alimwambia: "Mkinunua kingine, chomeni porini, penye upepo, wenyewe, wanaume. Kikiingia jiko la mwanamke yeyote wa boma hili, nitakwenda kwa Nkwabi nimjibu lile swali lake." Anatoli alimfahamu mkewe. Ndugu wawili walichoma porini kwa muda, wakakohoa, wakaona ni heri pamba.

Mageni hakumsamehe. Kisimani aliwaambia watu kwamba Mama Tereza ni afadhali azike chombo kwenye mavi kuliko kukiona mkononi mwa mwenzake. Habari hiyo ilifika mpaka Segese. Febronia, aliyekuwa hawezi kuvumilia jina lake kutamkwa bila heshima, aliiacha ikapita. Kuikanusha kungetaka aseme kikaango kilikuwa cha nini.

Dawa kutoka Mwanza ilifika kidogo, ikaisha. Muda ulifanya kazi iliyobaki. Damu ilirudi polepole, tumbo likatulia, herufi zikasimama tena, ingawa si kama askari, labda kama wazee. Wakati wa harusi ya Tereza alishona gauni mwenyewe, na uzi aliuingiza kwenye sindano kwa mkono wake.

Mageni alikuja harusini na wanawe wote nyuma yake, mnene, akicheka mpaka kwaya ikapoteza sauti. Alikaa mbali na Mama Tereza, akamgeuzia bega. Midomo yake ilikuwa myekundu kama ya msichana. Febronia aliitazama, akasikia kidonda chake kile kile kikiuma mahali pale pale, akainama kumalizia pindo la binti yake.